Somo: Kupanda mimea juu ya paa la banda la kuku

Banda ninalolieleza liko nyuma ya nyumba yangu Jambiani, Unguja, lina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, na nimelifunika kwa mimea kwa sababu moja tu: chini ya bati tupu kuku walikuwa wakitweta tangu saa nne za asubuhi.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu ya uzito. Udongo wa kawaida ukilowa huwa na kilo 15 hadi 20 kwa kila sentimita ya kina katika mita moja ya mraba. Kwa hiyo sentimita 10 juu ya banda hili ni kilo 450 hadi 600, yaani mifuko 9 hadi 12 ya saruji juu ya vichwa vya kuku. Waliojenga Mji Mkongwe walilijua jambo hili, kwani mapaa yao ya mawe na chokaa yalikuwa mazito, na upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti za mikoko. Mimi nimesimamisha nguzo 6 badala ya 4, na boriti za mvinje zimeachana kwa sentimita 40.

Paa liinamie upande mmoja, sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Juu ya mbao tandika nailoni nzito mara mbili, bila ya msumari hata mmoja katikati, na uipandishe juu ya ukingo. Upande wa chini toboa ukingo matundu ya kutolea maji, uyakinge kwa kokoto upande wa ndani, kisha tandaza chandarua kikuukuu kilichokunjwa ili udongo usichukuliwe na mvua.

Udongo wangu ni sentimita 8: mafungu mawili ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi), moja la mboji na moja la udongo. Usumba ni mwepesi na hushika maji, lakini hapo ndipo nilipokosea, kwani makumbi yetu hufukiwa pwani kwa miezi mingi na hutoka na chumvi. Miche yangu ya mwanzo ilikauka ncha kabla ya wiki mbili kutimia. Sasa nausuuza kwa maji ya mvua, na maji ya mwisho nayaonja kwa ncha ya kidole. Yakiwa na chumvi, narudia. Mchanga wa pwani nao usiutie.

Panda masika yanapoanza, mwezi wa Machi. Mshubiri hustahamili, na zaidi yake ule mmea wa majani manene unaotambaa juu ya mchanga wa pwani.

Masuali

Suali: Maalim, ukoka si rahisi zaidi kupatikana?
Jibu: Ni rahisi, lakini katika udongo mchache hukauka wakati wa kaskazi, nawe utalazimika kuumwagilia kila jioni.

Suali: Je, maji yanayotoka yanaweza kuingizwa katika tangi?
Jibu: Hutoka na rangi ya chai kwa sababu ya mboji na usumba. Yapeleke kwenye migomba, wala usiyanywe.

Suali: Na kuku wakipanda juu?
Jibu: Watachakura mpaka waione nailoni. Laza wavu juu ya udongo mpaka mimea ishikamane, na ung'oe kila mche wa mwarobaini ulioletwa na ndege ungali mdogo, maana mzizi wake ukikua hutoboa nailoni.