Umeandikiwa Toyota? Angalia kwanza ni Toyota ipi

Wapendwa mnaokuja Japani kazini ama shule, hili mimi sikuambiwa na mtu. Ukiona mkataba umeandikwa Toyota-shi ("shi" ni jiji) usikimbilie kuwaza maghorofa na viwanda vya magari. Tarehe 1 Aprili 2005 jiji hilo lilimeza miji na vijiji sita jirani, Asuke, Inabu, Asahi, Fujioka, Obara na Shimoyama, sasa ni kama kilomita za mraba 918 na sehemu kubwa ni msitu mtupu. Enzi hizo Japani nzima ilikuwa inaunganisha, kutoka manispaa 3,232 mwaka 1999 mpaka 1,727 mwaka 2010, maana vijana wamehamia mijini, wamebaki wazee na hela ya kuendesha halmashauri ndogo haitoshi.

Kwa hiyo soma neno linalofuata baada ya "shi". Ukikuta Asuke-cho, ujue uko bondeni kando ya mto Tomoe. Hiyo "cho", yaani mji mdogo, zamani ilikuwa mji kamili na meya wake, leo ni jina la mtaa tu.

Treni sahau. Reli iliyokuwa inaelekea huko haikuwahi kufika Asuke na kipande cha mwisho kilifungwa 2004. Mabasi yapo ila ukichelewa umelala huko huko, so wengi tunaishia kununua vile vigari vya cc 660 vyenye namba ya njano. Kushika kushoto kwa Mkenya na Mtanzania sio ishu, Mrundi na Mkongo wajipe muda. Ila jamani pasipoti ya zamani msitupe! Kubadilisha leseni ya kwenu iwe ya Japani lazima uthibitishe ulikaa miezi mitatu kwenye nchi iliyokupa baada ya kuipata, na mihuri ndo inakutetea. Ukipangiwa Inabu nunua na matairi ya theluji.

Anwani unaandikisha ndani ya siku 14 baada ya kuhamia, na huna haja ya kushuka mjini, ofisi ya mji wa zamani sasa ni tawi la jiji, wanaiita shisho. Jirani akija kukueleza zamu za usafi na siku za takataka mkaribishe, huyo atakufaa kuliko ofisi yoyote.

Halafu Novemba. Bonde la Korankei, hapo Asuke, lina miti kama 4,000 ya momiji, ile ambayo majani hugeuka mekundu, ya kwanza ilipandwa na mtawa wa hekalu la Kojakuji karne ya 17, na majani yakiwa mekundu barabara ya 153 inajaa foleni utadhani uko Ubungo. Wikiendi hizo nenda sokoni alfajiri au pika ulichonacho.