Kuita pepo kwenye Dungeons & Dragons: mwongozo kwa wanaoendesha meza Dar

Kuita pepo ndani ya mchezo wa kuigiza wahusika, ambapo mwendesha mchezo husimulia hadithi na dadu huamua matokeo, kunazua maswali mawili, na meza nyingi huyachanganya. La kwanza, je, mhusika anayeita pepo anatenda uovu? La pili, je, watu halisi waliokaa mezani, sebuleni Sinza au kibarazani Mbagala, wanakoseana? Anza na la pili. Meza ikishavunjika kwa manung'uniko, la kwanza halitachezwa kamwe.

Kabla ya kurusha dadu

Meza ya watu watano Dar kwa kawaida ina Waislamu na Wakristo, na wengi wao hawayachukulii majini kuwa ngano za watoto. Kurani ina sura nzima yenye jina lao, ya 72, na inasema wameumbwa kwa moto. Mlokole naye amekulia kwenye ibada ambazo mapepo yanakemewa kwa sauti. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "ni mchezo tu, acha woga," hujamjibu. Umemwonyesha tu kwamba imani yake haina uzito mezani kwako.

Wiki moja kabla ya kuanza, mwulize kila mchezaji peke yake mambo mawili: kitu gani hataki kiwepo kabisa, na kitu gani kinaweza kuwepo ila kisisimuliwe waziwazi. Utaratibu huu ni wa mbunifu wa michezo Ron Edwards, na wachezaji huuita mistari na mapazia. Usiulize kwenye kundi la WhatsApp mbele ya wote, maana mdogo kuliko wote atajibu "mimi freshi tu," halafu wiki ya pili haonekani. Siku ya mchezo weka mezani kadi yenye alama ya X, kama alivyoibuni John Stavropoulos. Mtu akiigusa, jambo linalosimuliwa linaondolewa papo hapo na haulizwi sababu.

Vitu halisi vya uganga vibaki nje ya chumba: ubani, udi, mishumaa, maji ya waridi, kitambaa chekundu, chaki ya kuchorea sakafuni. Vinaleta hisia nzuri ya mchezo, ndiyo, lakini kuna mtu mezani ambaye ameviona vikitumika nyumbani kwao kwa mgonjwa. Duara la kumkinga mwitaji lichorwe kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja ukiwa futi 5. Majina ya pepo yabuniwe. Usitumie ruhani, subiani wala maimuna, na usisome aya ya kitabu chochote kitakatifu kama maneno ya kuitia pepo.

Namna ya kusema nayo ina uzito. "Mhusika wangu anamwita pepo" inatosha, hakuna ulazima wa kutamka mwito wenyewe. Na kwenye nyumba ya kupanga yenye ukuta mmoja na jirani, mtu anayepaza sauti "njoo, nakuamuru!" saa nne usiku atamleta mjumbe mlangoni.

Damu

Hapa ndipo penye uzito kuliko pengine pote. Kwenye kanuni za toleo la 2014, uchawi wa kuita pepo mkubwa (ngazi ya 4, ulioongezwa 2017) unadai kichupa cha damu ya mtu aliyeuawa ndani ya saa 24. Mahali pengine sharti hilo ni rangi tu ya hadithi. Tanzania watu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya viungo vyao, na Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu hiyo. Sharti kama hilo halipiti mezani kwetu kama kichekesho, na halipaswi kupita.

Wapo wanaolifuta na kuweka sarafu za dhahabu. Ushauri wetu ni kutofanya hivyo. Kanuni ya awali, kwa ubaya wake wote, inamlazimisha mchezaji ajue kwamba kuna mtu amelipa. Ukiweka sarafu, pepo anakuwa bidhaa ya dukani na swali la maadili linakufa. Badala yake, damu iwe ya mwitaji mwenyewe: arushe dadu mbili za pande 6, apunguze jumla hiyo kwenye pointi zake za uhai, na zisirudi kwa dawa wala uchawi mpaka mapumziko marefu. Kwa mchawi wa ngazi ya 7 (ngazi ya mhusika si sawa na ngazi ya uchawi anaoutumia) hilo linauma vya kutosha kumfanya afikiri, na halimuui.

Kanuni yenyewe inasema nini kuhusu wema

Soma kanuni kwa makini na utaona zinabeba hoja kuliko maandishi ya "mwema" na "mwovu" kwenye karatasi ya mhusika. Chukua mchawi wa ngazi ya 7 mwenye Akili +4. Kiwango chake cha ugumu, yaani namba ambayo pepo lazima aifikie ili ajinasue, ni 8, ongeza 3 za umahiri, ongeza 4: jumla 15. Pepo aliyemwita ana Haiba −1. Kila mwisho wa zamu yake pepo anarusha dadu ya pande 20, na akipata 16 au zaidi (ukitoa ile 1 ya Haiba inabaki 15) anakatika kamba, yaani hamtii tena mwitaji. Hiyo ni asilimia 25 kwa kila zamu. Kwa zamu nne, yaani sekunde 24 tu ndani ya hadithi, uwezekano wa kuwa bado anatii ni kama asilimia 32.

Akikatika anamfuata na kumshambulia asiye pepo aliye karibu zaidi, awe mlinzi, mchuuzi au mtoto. Mwitaji akiacha umakini, yaani kuushikilia uchawi kwa akili yake, baada ya hapo, pepo haondoki mara moja, hubaki kwa mizunguko kati ya 1 na 6 kadiri dadu itakavyosema. Na lile duara la damu linalomkinga mwitaji linatosha nafasi aliyosimama yeye. Wenzake wako nje. Kijiji kiko nje.

Ndiyo maana tunasema uovu au uhalali wa tendo hili uko kwenye jibu la nani anabeba hatari ambayo hakuikubali. Kuita pepo ndani ya pango tupu, wenzako wote wakiwa wamekubali, ni tendo tofauti kabisa na kumwita sokoni, hata kama pepo ni yuleyule na lengo ni lilelile.

Kabla ya kuruhusu mwito, mwendesha mchezo asimamishe saa ya hadithi na amtake mwitaji ajibu kwa sauti: nani yuko ndani ya futi 60? Wenzako wanajua? Nani atamrudisha? Usipokee "tutaona" kama jibu la swali la mwisho. Mchawi wa ngazi ya 7 ana nafasi moja tu ya uchawi wa ngazi ya 4, yaani anaweza kuutumia mara moja tu kabla ya kupumzika, na ameshaitumia kuita, kwa hiyo hawezi kumfukuza pepo kwa uchawi wa ngazi hiyohiyo. Lazima mwenzake, kuhani kwa mfano, awe ameweka nafasi yake kando, kisha ashike umakini dakika nzima ili pepo arudi kwao asirejee. Mkiwa mmekubaliana hivyo, mmebeba dhamana. Kama kuhani ameshatumia nafasi yake kwenye pigano la asubuhi, mwito huo ni uzembe, na mhusika atendewe na wanakijiji kama mzembe.

Jina la kweli la pepo hubadili hesabu. Mwitaji akilitamka, pepo anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Nafasi ya kukatika inashuka hadi asilimia 6 hivi, na utii wa zamu nne unapanda hadi karibu 77. Kwa hiyo mpe mchezaji njia ya kulitafuta jina hilo, hata kama itachukua vikao viwili. Aliyetafuta jina kwanza na aliyeita kwa pupa hawalingani, na meza itaona tofauti bila wewe kuhubiri.

Uchawi wa ngazi ya 3 wa kuita mapepo madogo ni jambo jingine. Huleta mawili, manne au manane, na hayamtii mtu yeyote tangu mwanzo, hata aliyeyaita. Hakuna hoja ya "nilidhani nitawadhibiti" hapo.

Mashetani wa mikataba, wale wenye sheria zao, wanafaa kwa meza inayopenda mazungumzo. Yule anayeitwa kwa kito cha rubi cha sarafu 999 anafika akiwa hana urafiki, na anaweza kudai tendo baya ili ahudumu. Andika mkataba kwenye karatasi: anachotoa, anachopata, mwisho wake lini, na nani wa tatu ataguswa. Mstari wa nne ndio wachezaji husahau, nawe usiwakumbushe zaidi ya mara moja.

Kumfunga asiyetaka

Kuna uchawi wa ngazi ya 5 unaomfunga kiumbe kwa saa 24, kwa saa nzima ya matayarisho na kito cha sarafu 1,000 kinachoteketea. Ukitumia nafasi ya ngazi ya 9, kifungo kinafika mwaka mmoja na siku moja. Hauchagui mapepo tu, kwani hata malaika mwema anaweza kufungwa. Kwenye pwani yenye Bagamoyo na soko la watumwa la Zanzibar lililofungwa 1873, hatuoni namna ya kuliita jambo hilo kwa jina jingine. Tukiliruhusu mezani, aliyefungwa apewe sauti: aseme anachokikataa, akumbuke alichofanyiwa, na siku ya kufunguliwa awe na uchaguzi wake.

Makosa ya mwendesha mchezo

Kosa kubwa ni kumwadhibu kila mwitaji. Ukifanya pepo akatike kila mara bila dadu, wachezaji hujifunza kwamba wewe ndiye hatari, nao huacha kupima mambo. Dadu zirushwe wazi, katikati ya meza. Kama mnatumia programu ya simu kwa kukosa dadu za pande 20, simu ilale chali kila mtu aone.

Kosa la pili ni zamu ndefu. Mapepo manane yakitembea moja moja, mchezaji mwingine anakaa dakika ishirini akichezea simu. Yagawe kwenye makundi mawili, kila kundi dadu moja ya shambulio.

Mwisho wa kikao tenga dakika kumi kabla watu hawajakimbilia daladala. Mwulize kila mmoja, tena faraghani kama mwanzo, kama kuna kitu cha kuhamishia nyuma ya pazia. Aliyebadili mawazo asidaiwe maelezo, na wiki ijayo kitu hicho kisionekane mezani.