Nyuki wadogo kwenye bustani ya mboga: wapi watakufaa

Tango lililopinda, nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, mara nyingi halikukosa mbolea. Lilikosa chavua, ule unga wa maua. Ua jike la tango, tikiti maji au boga huhitaji kutembelewa na nyuki mara kadhaa asubuhi ileile linapofunguka, na la boga huanza kujifunga kabla ya adhuhuri.

Nyuki wa asali huifanya kazi hiyo vizuri, lakini ni vigumu kuweka mzinga wake hatua chache kutoka jikoni, penye watoto na mbuzi waliofungwa. Hapo ndipo nyuki wadogo wasiouma wanapofaa. Ukiwachokoza watakuingia nyweleni na masikioni, basi. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, waliwajaribu nyuki hawa wa aina ya Hypotrigona gribodoi kwenye pilipili hoho, na matunda yakawa mazito na yenye mbegu nyingi kuliko ya maua yaliyojichavusha yenyewe.

Kabla ya kununua mzinga, angalia mbegu uliyopanda. Matango mengi ya kitalu nyumba ni aina zinazozaa bila uchavushaji. Ukiwaingizia nyuki, matunda huota mbegu na kuharibika umbo. Nyanya na bilinganya pia zisikupe tamaa. Chavua yake hutoka ua likitikiswa kwa nguvu, na kazi hiyo ni ya nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Wenye bilinganya, waachieni magogo makavu pembezoni mwa shamba.

Nyuki wadogo hawaruki mbali, kwa hiyo mzinga ukae karibu kabisa na mboga, kivulini, juu ya kichanja chenye miguu iliyopakwa grisi kuzuia siafu na sisimizi. Uhamishe usiku, baada ya wote kurudi na mlango kuzibwa.

Ninachosisitiza kuliko vyote ni dawa. Ukipulizia asubuhi maua yakiwa wazi, umewaua vibarua wako mwenyewe. Pulizia jioni sana, na wiki za maua epuka kabisa dawa zinazobaki muda mrefu kwenye mmea.

Kundi lako la kwanza lipate kwa mfugaji anayegawa makundi yake. Wanaokata mti msituni ili kutoa kiota huua majana (watoto wa nyuki) wengi, na mti wenye pango la namna hiyo huchukua miaka mingi kupatikana tena.