Mazoezi ya kioo kwa mkono uliolala baada ya kiharusi

Kama una mzee nyumbani kapigwa kiharusi na mkono mmoja umelala, msikate tamaa jamani, jaribuni mazoezi ya kioo. Nenda Mwanjelwa hapa Mbeya kwa mafundi vioo, wakukatie kama sentimita 40 kwa 50, wasage na kingo zisije zikamkata. Kisimamishe mezani usawa wa katikati ya kifua chake, kitenganishe mikono miwili, mkono mgonjwa ukae nyuma ya kioo asiuone kabisa, mzima ukae mbele, avue pete na saa. Sasa aangalie kioo tu huku anakunja na kukunjua vidole taratibu, anageuza kiganja, anashika kikombe, na ule mgonjwa ajaribu kufuata hata kama hausogei, maana ubongo unaona kama mikono yote miwili inafanya kazi na hapo ndo penyewe. Kama nusu saa kwa siku, akichoka apumzike. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalikusanya tafiti 62 yakaona inasaidia, ila iwe nyongeza ya fizio (tiba ya mazoezi ya viungo kwa mtaalamu), sio mbadala. Asubuhi baridi ya Uyole inakaza misuli, subirini jua. Akisikia kizunguzungu acheni, na msimvute huo mkono, bega linachomoka kirahisi sana.