Kumgeuza mgonjwa wa kiharusi kitandani bila kumburuza

Vidonda vya kitandani haviletwi na kulala sana peke yake. Mgonjwa anapovutwa kwa makwapa apande kwenye mto, ngozi ya makalio hung'ang'ania shuka huku mfupa ukisogea. Mishipa midogo ya damu iliyo katikati huvutika na kuziba. Tandika shuka la pili, lililokunjwa mara mbili, chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani. Hilo ndilo la kushika.

Kumpandisha ni kazi ya watu wawili. Laza kitanda, simamisha mto kwenye ubao wa kichwani asije akagonga kichwa, kisha kila mmoja aviringishe ukingo wa shuka hadi ubavuni mwa mgonjwa. Yeye akunje mguu wenye nguvu na ainamishe kidevu kifuani. Hesabuni kwa sauti; kwenye tatu, nyanyua kidogo ukihamishia uzito wako kwenye mguu ulio upande wa kichwani. Vitanda vyetu vya nyumbani viko chini, kwa hiyo ni afadhali kupiga goti moja juu ya godoro kuliko kuinamisha mgongo.

Kumgeuza, mtu mmoja anaweza akiwa si mzito. Kwanza hakikisha mpira wa mkojo haujabanwa na paja, na mfuko uko chini ya usawa wa kibofu. Msogeze kwa shuka hadi ukingo mmoja, hamia upande wa pili, kunja goti lake la mbali, weka mkono wake wa mbali kifuani, kisha mvingirishe kuelekea kwako ukishika nyuma ya bega na nyonga. Mkono uliopooza usivutwe kamwe: misuli ya bega imelegea, na fundo huteguka kirahisi.

Asilale ubavu kamili, nyonga itaelemewa. Mwinamo wa nyuzi 30 kutoka kulala chali unatosha: mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro.

Kawaida ni kumgeuza kila baada ya saa 2, lakini ngozi ndiyo mwamuzi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha; tafuta palipokoza rangi, penye joto au ugumu kuliko pembeni. Usipakande, na asilale upande huo. Pete za mpira za kukalia nazo achana nazo, hukata damu pembezoni.

Anayelishwa kwa mpira wa puani ageuzwe kabla ya chakula. Aliyevunjika nyonga au uti wa mgongo asigeuzwe hivi. Muuguzi aonyeshe namna yake.