Umepata jiwe la Shinkolobwe? Ngoja kwanza kabla hujaliweka kabatini

Ukishaanza huu ugonjwa wa kukusanya mawe ya madini, ipo siku utakutana na jiwe jeusi, dogo lakini zito ajabu, lina ukoko wa njano na rangi ya machungwa, na lebo yake imeandikwa Shinkolobwe, Katanga. Hilo ni jiwe la urani, metali inayotoa mionzi. Shinkolobwe ni mgodi wa kusini mwa Kongo (DRC), uleule uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Robert Rich Sharp alipagundua 1915, kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière wakachimba kwanza kwa ajili ya radiamu (metali nyingine ya mionzi), Vita Kuu ya Pili ilipokuja Wamarekani wakautaka mzigo wote, na haikuwa bure maana shehena ile ilikuwa na oksidi ya urani karibu 65% wakati migodi mingi ikipata hata 1% inashukuru. Kwa hiyo jiwe lako halina mionzi mikali kwa bahati tu, huko ndiko kwao.

Tuanze na kununua. Mashimo yalizibwa 1960, kwa hiyo mawe mazuri yanatoka kwenye makusanyo ya wazee, hasa huku Ubelgiji ninakoishi. Lebo ya zamani ndio nusu ya thamani, hata kama imechanika na imeandikwa kwa kalamu ya wino, usiitupe, ipige picha, iweke kwenye mfuko wake pembeni. Muuzaji akikwambia jiwe limetoka huko juzijuzi tu, mimi ningeondoka. Miaka ya 1990 wachimbaji wadogo waliingia pale kutafuta kobalti, 2004 rais wa Kongo akaamuru pafungwe, na Julai mwaka huohuo pakaporomoka watu wakafa. Sitaki jiwe la namna hiyo nyumbani kwangu.

Halafu angalia rangi. Zile fuwele nyembamba kama sindano, za kijani kibichi zinazopendeza sana, kuprosklodowskiti, mara nyingi ni za mgodi mwingine, Musonoi kule Kolwezi, Kongo hiyohiyo, ila jina la Shinkolobwe linauza zaidi so watu wanaliandika tu. Sindano za rangi ya machungwa iliyokolea zinaweza kuwa kuriti, za njano hafifu sklodowskiti (imepewa jina la ukoo wa Marie Curie kabla hajaolewa), na hizo mbili zote zilitambuliwa mara ya kwanza kwenye mawe ya Shinkolobwe. Na sisi Watanzania tusijione wageni kwenye haya mambo, rutherfordini, madini mengine ya urani, ilipatikana kwanza kwetu, milima ya Uluguru, Morogoro. Kingine, usitegemee taa ya UV kujua kama jiwe lina urani. Nyingine zinawaka kijani kama taa ya disko, lakini yenye shaba ndani haiwaki kabisa na mionzi iko palepale.

Nunua kaunta ya Geiger (kifaa cha kupima mionzi) kabla ya jiwe, sio baada. Pima chumba kikiwa kitupu uandike namba, halafu weka jiwe mezani upime karibu kabisa, sentimita 50, mita moja, mita mbili. Utaona namba inavyoporomoka, ukizidisha umbali mara mbili mionzi inabaki kama robo. Ndio maana watu wakiniuliza kuhusu sanduku la risasi (ile metali nzito, sio za bunduki) la kuzuia mionzi huwa nawaambia wasihangaike, umbali ni bure. Weka mbali na unapokaa muda mrefu, yani sio mezani pa kazi, sio chumba cha kulala, na ukuta wa kabati usipakane na kitanda cha mtoto upande wa pili, hilo watu wanasahau.

Ila kitu cha kuogopa hasa ni vumbi. Mionzi ya alfa, aina mojawapo inayotoka kwenye urani, haipiti hata ngozi yako, lakini ukimeza au ukivuta punje ya vumbi hilo ndani, huko haina cha kuizuia. Mimi jiwe langu la kwanza nililiosha kwenye sinki la jikoni kwa mswaki, nikijiona fundi, maji yakawa ya njano na vipande vinaenda zake, nilipokuja kununua kaunta nikaipitisha pale ikaanza kulia kwenye ukingo wa sinki. Usifanye hivyo. Usisugue, usikate, usichonge, usilitie tindikali eti ling'ae. Ukilishika vaa glavu za mpira, fanyia kazi juu ya trei iliyotandikwa karatasi yenye unyevu, kilichodondoka futa kwa kitambaa kibichi, sio ufagio na wala sio vacuum maana hiyo inarusha vumbi nyumba nzima. Hakuna chai wala sigara karibu. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni hata kama ulivaa glavu. Tobeniti, madini ya kijani yenye urani na shaba, hasa ni sumbufu, inapoteza maji taratibu, inapauka na kumeguka yenyewe, kwa hiyo iweke mbali na joto na taa kali.

Baada ya hapo jiwe linaingia kwenye boksi la plastiki angavu lenye kifuniko kinachobana, na litulie kwenye sponji lisitikisike. Sasa hapa kuna radoni, ni gesi, inatoka kwenye jiwe muda wote na inajikusanya ndani ya boksi. Lifungulie nje au dirishani, geuza uso, subiri dakika kadhaa ndio uangalie. Chumba chenyewe kiwe kinapitisha hewa. Jiwe moja dogo sio mbaya, lakini yakifika kumi kwenye stoo isiyo na dirisha nunua kipima radoni, na hiyo risasi uliyotaka kununua haizuii gesi.

Kusafiri nalo: usilitie kwenye begi la ndege, tafadhali, ni mzigo wa mionzi na una taratibu zake. Kabla hujalipa ongea na wahusika wa nchi yako, Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki, Kenya ni KNRA, mamlaka yao ya kusimamia nyuklia, uliza kibali kwanza.

Na boksi liandike kwa nje, herufi kubwa, kwa lugha ambayo watu wa nyumbani wanasoma: MIONZI, URANI, USIFUNGUE, jina la jiwe na lilikotoka. Kila boksi. Mimi langu moja nililiacha bila maandishi kwenye stoo, shangazi alikuja kututembelea, natoka kazini nakuta jiwe limetolewa kwenye boksi limewekwa mlangoni kuzuia mlango usijifunge na upepo. Akasema zito hili, zuri kweli.