Jinsi ya Kukadiria Mafao ya Wiki ya Kukosa Ajira Nchini Marekani

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 iliweka msingi wa mafao ya kukosa ajira Marekani nzima, lakini kanuni ya kukokotoa malipo ya kila wiki iliachiwa majimbo. Jimbo linalohusika kwa kawaida ni lile ulikofanyia kazi, hata kama unaishi ng'ambo ya mpaka wake.

Anza kwa kujua kipindi cha msingi, yaani miezi 12 ambayo mishahara yake ndiyo itakayohesabiwa. Katika majimbo mengi, huchukuliwa robo mwaka tano za mwisho zilizokamilika kabla ya kufungua dai, kisha hutumiwa nne za kwanza. Aliyefungua dai Machi 2025 alihesabiwa mishahara ya Oktoba 2023 hadi Septemba 2024, ilhali aliyesubiri hadi Aprili alihesabiwa ya Januari hadi Desemba 2024. Kwa mtu aliyepata nyongeza ya mshahara mwishoni mwa mwaka 2024, tofauti hiyo ya siku chache si ndogo hata kidogo, kwa hiyo piga hesabu zote mbili kabla ya kuwasilisha dai, ukikumbuka kwamba kila wiki unayosubiri ni wiki isiyolipwa.

Kusanya slipu zako za mshahara, kisha ujumlishe malipo ya kila robo mwaka kabla ya makato. Tuseme robo yako iliyo kubwa kuliko zote ni dola 7,800. California hugawanya kiasi hicho kwa 26, nawe unapata dola 300 kwa wiki. Texas hugawanya kwa 25, unapata 312. Florida nayo hugawanya kwa 26, lakini sheria yake haimruhusu mtu yeyote kupokea zaidi ya dola 275, kwa hiyo dola 25 zinakatwa hapo hapo. California pia ina ukomo wake, dola 450, ambao kwa maoni yangu umepitwa na gharama za maisha kwa sababu haujapandishwa tangu mwaka 2005. Massachusetts ina utaratibu wa haki zaidi: ukomo wake hufungamanishwa na wastani wa mishahara ya jimbo, na mwenye watoto wanaomtegemea huongezewa dola 25 kwa kila mtoto.

Baada ya kufungua dai utapokea barua yenye majina ya waajiri na mishahara yao kwa kila robo. Isome mstari kwa mstari ukiwa na slipu zako mkononi. Mwajiri akikosekana, au akiwa alikulipa kama mkandarasi wa kujitegemea ingawa ulifanya kazi kama mwajiriwa, fedha hizo hazitaingia katika hesabu mpaka upinge kwa maandishi na kuambatanisha ushahidi. Muda wa kukata rufaa ni mfupi: siku 30 California, siku 14 tu Texas, na huanza kuhesabiwa tangu tarehe barua ilipotumwa. Usiposoma Kiingereza vizuri, omba mkalimani siku hiyo hiyo.

Mafao haya hutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu, nawe unaweza kuomba asilimia 10 ikatwe kila wiki ili usidaiwe mwaka unaofuata.